Mama Augustine, aliyekiri kuua migomba ya jirani

Saa moja asubuhi, ukungu bado umekalia mlima, na Augustine Kasika ameinama katikati ya shamba lisilo na mgomba hata mmoja. Anatafuta machipukizi. Akiliona moja limetokeza kwenye kisiki cha zamani, analizungushia jembe, analing'oa na mizizi yake, kisha analigeuza chini juu ili likauke. Mkulima mwingine angemshukuru Mungu kuona mgomba umechipua wenyewe.

"Inaonekana muzuri, lakini iko na ugonjwa ndani," anasema. "Nikiiacha, inarudi kwa majirani yote."

Juu yake, kama hatua mia moja hivi, ng'ambo ya mtaro unaotenganisha mashamba mawili, mzee mmoja amesimama pembeni mwa migomba yake, mikono nyuma. Hasalimii. Kila jembe linapoinuka, macho yake yanainuka nalo. Ni Papa Polycarpe, jirani wa Augustine, na amekuwa akisimama hapo karibu kila asubuhi tangu mwezi wa tatu.

"Anahesabu hatua zangu," Augustine anasema bila kuinua kichwa. "Anafikiri siku moja nitavuka mutaro. Mumuache tu."

Augustine ana miaka 49 na watoto watano. Mume wake yuko Walikale, anakotafuta maisha, na hurudi mara mbili kwa mwaka. Yeye amebaki hapa, karibu na Nyabiondo, katika milima ya Masisi, ambako ni prezida wa komite ya wakulima wa mteremko huu. Ni familia 38. Komite hiyo ina kazi moja tu, na ni kazi ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeiomba: kuwashawishi watu wakate migomba yao yote kwa mikono yao wenyewe.

Ugonjwa wenyewe wanauita kirabiranya. Majani yananyong'onyea, mkungu unaiva kabla ya wakati, na ukiipasua ndizi unakuta doa la kahawia katikati. Ukikata shina, linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa. Unakata, unang'oa, unaiacha ardhi bila mgomba kwa miezi sita, kisha unapanda machipukizi safi. Na panga lililokata mgomba mgonjwa likigusa mzima bila kupitishwa motoni, umeshaupanda ugonjwa.

Familia 31 zimekata. Ni karibu mwaka sasa hawajaonja ndizi ya kwao. Augustine, aliyekuwa akiuza mikungu 25 kwa mwezi, sasa anaishi kwa maharagwe na mihogo, na binti yake mmoja amesimamisha masomo. Mwezi wa tisa, mvua zikianza, familia hizo zinataka kupanda upya.

Lakini saba zimekataa, na kubwa kati ya hizo ni ya Papa Polycarpe. Ana mashina zaidi ya 140, yako juu ya wengine wote, na nusu yake tayari ni ya njano. Nyuki wanaotua kwenye maua ya migomba yake hawaishii kwenye mtaro. Akibaki hivyo, kila chipukizi litakalopandwa chini yake litakufa, na mwaka wa njaa wa familia 31 utakuwa umekwenda bure.

Mwandishi wa makala haya alifika Nyabiondo akiwa na wasiwasi wake. Amekwisha kuona viongozi wengi wa komite wanaowaambia wakulima wabadilike, na mara nyingi ukichimba kidogo unamkuta mtu anayenufaika. Kwa hiyo alianza kwa kuwauliza wasiompenda Augustine. Hawakuwa wachache.

Wengine walisema anatumwa na mwenye ranchi wa upande wa Kirolirwe, anayetaka migomba iishe ili ng'ombe wapate majani. Wengine walitaja shirika lililomleta agronome, mtaalamu wa kilimo, kuwafundisha juu ya ugonjwa huo. Huyo agronome alikuja mara mbili, akaacha fulana na karatasi zenye picha, na hajaonekana tena. Lakini jina lililotajwa zaidi lilikuwa la Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka na pikipiki tatu. Inasemekana anamlipa Augustine aue ndizi za hapa ili yeye auze za Walikale.

Katembo alipoulizwa, hakuinua macho kwenye kikokotoo chake.

"Ni kweli nauza ndizi ya Walikale," alisema. "Watu wanataka kula, ao unataka nikatae? Lakini kulipa Mama Augustine! Ule mama alikatala hata soda yangu."

"Kwa nini alikataa?"

"Alisema watu wataona chupa mukononi yake."

Jibu hilo halimwondolei Katembo shaka, kwani faida anaipata. Ila lilisema kitu juu ya mwanamke huyu, ambaye amejifunza kuishi akiangaliwa.

Lawama nzito kuliko zote, hata hivyo, haikutoka kwa wapinzani. Aliitoa Augustine mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita alikufa Mama Blandine, mke wa Papa Polycarpe. Hapa mtu akifiwa, kila nyumba inafungua shamba lake la migomba. Vijana wanapita kila mahali wakikata majani ya kuketia na kufunikia sufuria, na mikungu ya kupikia waombolezaji na kutengenezea kasiksi, pombe ya ndizi. Hakuna anayeombwa ruhusa, wala hakuna anayemnyima mfiwa. Augustine alikuwa rafiki wa marehemu na ndiye aliyesimamia jiko. Ndiye aliyewatuma vijana, na alitoa panga lake, kwa kuwa lilikuwa kali.

Panga hilo lilianzia bondeni, ambako migomba michache ilikuwa imeanza kuwa ya njano na watu wakadhani ni jua. Likapanda shamba baada ya shamba. Likaishia kwa mfiwa mwenyewe, ambako vijana walikata majani mengi zaidi kwa ajili ya kitanda cha marehemu.

Miezi michache baadaye, migomba ilianza kufa kwa kufuata njia ileile.

"Mimi nilielewa siku agronome alitufundisha mambo ya mupanga," Augustine anasimulia. Anaacha kulima. "Alikuwa anasema, na miye niliona njia yote. Kwa Libérata, kwa Sylvain, mpaka kwa Papa Polycarpe. Tulikuwa tunafikiri tunasaidia mufiwa, kumbe tunamuharibia."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amelifikiria panga. Badala yake, Jumapili iliyofuata alisimama kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa akasema mbele ya watu wote: ugonjwa ulipita kwa mupanga yangu, na miye njo nilituma watoto.

Libérata, jirani wa bondeni ambaye sasa ni katibu wa komite, alikuwepo. Anasema watu walianza kuondoka mmoja mmoja.

"Nilimuuliza, dada, nani alikutuma kusema vile? Alinijibu kama hawatajua namna ugonjwa inatembea, wataitembeza tena."

Augustine alisema kweli, na ilimgharimu. Mlangoni kwake kulitupwa majani ya njano. Mwanamke mmoja alikataa kupokea chumvi kutoka mkononi mwake. Kutoka "panga lake lilileta ugonjwa" hadi "alileta ugonjwa makusudi" ni hatua fupi sana katika kijiji, na wengi waliipiga. Hakugombana nao. Alikata mashina yake yote 90 kwanza, mchana kweupe, watu wakimtazama, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyingine aliingia mara kumi na moja. Amezihesabu.

Kwa Papa Polycarpe amekwenda mara ishirini na hajawahi kukaribishwa kiti.

Sasa wenzake wenyewe wamechoka. Wiki iliyopita, kikundi cha vijana kilikuja kumwambia kwamba mvua haimngoji mzee, na kwamba watapanda huko kukata migomba yake kwa nguvu. Augustine aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia kwamba atakayevuka mtaro ule na panga atakuwa amemaliza komite siku hiyo hiyo.

"Walinikasirikia. Walisema namuogopa," anasema. "Ni kweli naogopa. Muntu ukimukatia kwa nguvu, anapanda tena kwa kujificha, anapanda ile ile yenye ugonjwa. Na mashamba ya hapa, mambo ya nguvu tuliisha kuiona."

Leo anakwenda kwa mzee mara ya ishirini na moja. Anaacha jembe lake chini, anafuta mikono kwenye kitenge, anatembea mpaka kwenye mtaro na kusimama upande wake. Mwandishi anamfuata.

"Papa, jambo."

"Nakusikia," anajibu Papa Polycarpe. "Na huyu wa kuandika, anaandika nini?"

Anadai asomewe. Daftari linasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mzee akiwa amefumba macho. Penye idadi ya mashina anasimamisha.

"Andika kama ni migomba ya baba yangu. Hapo haukuandika."

Hilo linaandikwa. Na hapo, kwa mara ya kwanza, anaeleza kwa nini hakati. Haanzi na panga, anaanza na vita. Alikimbia na familia yake, akakaa kambini karibu na Goma miaka mitatu. Aliporudi alikuta mtu amefungia ng'ombe humu na kusema hii ni ardhi tupu, haina mwenyewe.

"Papier ya shamba sikuwa nayo. Nani iko na papier hapa? Chef wa kijiji alikuja akaangalia, akaniuliza: preuve ya kama ni yako iko wapi? Nilimuonyesha migomba. Nilimutajia kila moja, baba alipanda mwaka gani. Njo nilipewa shamba yangu." Anamnyoshea Augustine kidole. "Sasa uyu anasema nikate yote, nikae miezi sita. Akija mwingine na ng'ombe yake, nitamuonyesha nini? Majani?"

Ni swali ambalo agronome hakuliachia jibu kwenye karatasi zake. Augustine amelisikia zamani kwa watu wengine, na ana jibu lake tayari.

"Siku tutakata, siku ile ile nitakuja kupanda maharagi kwako, Papa. Shamba haitakaa bila kitu."

Mzee anacheka, lakini si kwa furaha.

"Maharagi yako ndani ya shamba yangu. Kisha utavuna. Kisha utasema, hapa nimelima mwaka muzima. Unaniona mutoto?"

Mtu wa mbali angedhani mzee amechanganyikiwa. Hapa Masisi, mashamba mengi yameliwa hivyo hivyo, kwa jembe la jirani mwenye huruma. Augustine anajua, na unaiona aibu ikimpanda usoni kwa kuwa hakuliona mapema. Anakaa chini kwenye nyasi zenye umande, miguu mtaroni, akikiangalia kipande chake cha pembeni ya barabara.

"Basi wewe pia panda kwangu," anasema hatimaye.

"Nini?"

"Kile kipande yangu ya pembeni ya barabara. Wewe panda maharagi yako mule, miye napanda yangu kwako. Siku moja. Nikikatala kutoka kwako, wewe unakatala kutoka kwangu. Kipande yangu njo iko ya muzuri, unajua."

Papa Polycarpe anaitazama barabara, kisha anamtazama yeye.

"Juu ya nini pembeni ya barabara? Kuko nini pale?"

"Hakuna kitu, Papa. Watu wengi wanapita. Kila muntu ataona kama ni maharagi yako."

Mzee anazunguka. Anakwenda hadi kwenye mgomba wa karibu na kuvuta jani moja lililokauka, ambalo linamkatikia mkononi. Anauliza nani atachagua mbegu. Anauliza kama mume wa Augustine anajua. Anauliza kama Katembo anajua, na kwa nini Katembo asijue, na kama akijua itakuwaje. Augustine anajibu kila swali kwa sauti ile ile, hata yale yaliyoulizwa mara mbili.

Kisha mzee anasema, bila kumwangalia:

"Wakuje siku ya ine ya wiki. Unaleta watu ngapi?"

"Makumi mbili. Tumalize siku moja."

"Leta watano," anasema Papa Polycarpe. "Watano naweza kuwaangalia wote mara moja."

"Watano ni sawa, Papa."

Anateremka akihesabu kwa vidole. Hapeleki vijana, hilo ameshaamua. Watu watano watahitaji siku nne badala ya moja, lakini mwezi wa tisa bado uko mbele. Wale sita wengine waliokataa walikuwa wakimtazama mzee, na Libérata ataanza kuwapitia kesho. Machipukizi safi yameagizwa upande wa Walikale, yatakuja kwa pikipiki, na si za Katembo. Mvua ya pili ikinyesha, anataka familia 31 ziwe zimeshachimba mashimo.

Anaokota jembe lake na kuinama tena. Mwandishi anamuuliza kama anaamini mzee amemsamehe ile ya panga.

"Hapana," anasema. Machozi yanamtoka, na haachi kulima. "Miye nilikuwa nataka anisamehe, kila siku naomba ile. Lakini akate kwanza. Mambo ya kusamehe, tutaangalia kisha kupanda."