Walifungua tanki ya choo ya bato fasi tunachota maji ya kunywa: Baraka, wakati ya vita

Wakuu, salamu kwenu bote, na bamama mbele.

Niko bibi wa hapa Baraka, territoire ya Fizi. Bajukuu bananiita Tate. Shule niliacha mapema, lakini hii naandika niliiona kwa macho, niliinusa, niliibeba kwa mikono. Kama huamini, pita tu, uzi ziko mingi.

Kilichonileta ni hasira. Juzi kijana mumoja aliuliza humu namna gani batu banamwanga tanki ya choo ya bato, yaani meli ndogo, bila kuchafua. Swali ya akili kabisa. Mukamujibu nini? Mumoja anasema fungua vane, ile koki ya chini ya tanki, ziwa iko kubwa. Mwengine anacheka. Mwengine anaweka picha ya nyani.

Bon. Kaeni chini.

Ilikuwa vita ya pili ya Congo. Nyuma ya mauaji ya Makobola, hakuna mutu alihitaji kuelezewa juu ya nini tunakimbia. Batu ya Fizi, ya Kilembwe, bote balishuka mpaka kwa ziwa kutafuta namna ya kuvuka kwenda Kigoma. Balilala pwani na masufuria yao na batoto yao.

Mutoni hatukuweza kwenda tena, basoda balikuwa kule na bunduki. Donc maji ya kunywa ilikuwa paka ile ya ziwa, ingine hakuna.

Sisi bamama tukakata pwani vipande. Huku kuchota. Kule kufua. Mbali kabisa, kuoga. Fasi ya kuchota mwanaume hakanyagi, hata mulevi alijua. Hakuna chef ya mutaa aliandika ile sheria, na hakuna mutu aliivunja.

Binti yangu Riziki alikuwa na mimba kubwa. Miguu ilivimba, uso ukavimba, macho inaona giza giza. Mukunga wetu akaniambia wazi: "Mama Riziki, huyu asizalie hapa. Mupeleke Kigoma kwa hospitali, ao utamuzika." Centre de santé yetu ilikuwa imeporwa mpaka vitanda.

Kwa hiyo kuvuka kwetu haikuwa safari. Ilikuwa roho ya mutoto wangu.

Bato ilipatikana ya Papa Wilondja. Sio mutumbwi ya mbao. Bato ya chuma, ya zamani ya bazungu, iko na choo ndani, na chini ya choo iko tanki inashika uchafu yote. Haitoki mpaka mutu afungue vane. Kila safari ilikuwa inajaa batu, na batu banahara juu ya woga na juu ya maji mubaya. Fikirieni ile tanki.

Sasa sikieni kosa.

Batu yetu ya ziwa beko na desturi. Mbele ya kupakia, mutumbwi inakombwa. Maji yenye iliingia chini banaikomba yote, banaimwanga palepale pwani, mutumbwi inakuwa mwepesi, njo batu banapanda. Mutoto ya hapa anajua kukomba mbele ya kujua kusoma.

Mashinisti ya ile bato aliitwa Selemani. Maisha yake yote alikuwa mutu ya mutumbwi. Kwake yeye ile tanki ilikuwa paka maji ya chini. Asubuhi ya kuondoka, akakomba.

Akafungua vane. Pwani. Ubavuni ya fasi yetu ya kuchota.

Mi nilikuwa naingia na bido yangu, dumu ya kuchotea, maji kwa magoti. Nikasikia harufu mbele ya kuona. Kisha nikaona. Rangi sitawaeleza, pengine munakula.

"Selemani, unafanya nini?"

"Napunguza uzito, mama. Unataka tuzame?"

"Uzito gani? Unatunyea ndani ya sufuria."

"Itaenda tu, mama. Maji inatembea."

"Itembee kwa mama yako."

Jirani yangu Mama Sango alikuwa amejaza bido yake. Nilimunyanganya nikaimwanga kwa muchanga. Akanitukana. "We uko na kelele, mi niko na batoto na kiu." Akarudi kujaza hatua kidogo pembeni. Nilimuona. Ningefanya nini, nimupige?

Nikaenda kukaa kwa mbao.

Ile mbao ya kupandia, batu banatembea juu yake kuingia bato. Nikakaa katikati na makalio yangu yote, na mwaka ile nilikuwa nayo. Hakuna kupita.

Papa Wilondja akatoka na kofia yake. "Mama Riziki, toka kwa mbao."

"Funga vane."

"Uko mwenye bato?"

"Niko mwenye maji."

Batu nyuma yangu bakaanza kupandisha sauti. Sikuwakasirikia. Balikuwa na mizigo kwa vichwa na milio ya bunduki kwa masikio. Muzee mumoja akasema, "Mama, basoda banakuya, we unatuongelesha mavi." Bakacheka. Hata vile, katikati ya vita, bakacheka.

Kisha Papa Wilondja akainama akaniambia polepole, "Ukiendelea, binti yako hapandi."

Hapo niliumia. Riziki alikuwa pale, amekaa juu ya mufuko, uso kama mutu ya kuumwa na nyuki. Akasema, "Mama, toka. Naomba." Ningemujibu ningelia, na mi silii mbele ya banaume ya kofia.

Bamama balikuwa banachota bakaweka bido chini. Bakakuya kukaa nyuma yangu, mumoja mumoja, mpaka mbao ikapinda.

Selemani akafunga vane.

Munafikiri ilikwisha? Tanki ilibakia nusu. Mufuniko yake ilikuwa inavuja, na batu balikuwa banakaa juu yake na batoto kwa magoti. Na wangefika Kigoma wangeifungulia bamama wengine. Nikasema hapana. Inamwangwa hapa, kwa udongo, na inamwangwa vizuri.

Banaume bakaangalia mbali. Mwanaume mukubwa abebe mavi ya batu? Heshima yao ilikuwa inaumwa. Nikawaambia chimbeni basi, tutabeba sisi. Bakachimba.

Tulifanya hivi, na kijana mwenye aliuliza, soma wewe, wale wengine wacheke.

Shimo tulilichimbisha mbali na ziwa, juu, nyuma ya michikichi, fasi yenye mvua haiwezi kushusha uchafu kwa maji. Mikono tulivaa mifuko ya plastiki, tukafunga kwa mupira. Kitambaa kwa mudomo na pua. Sigara nilikataza, ile hewa ya tanki inaweza kuwaka. Mufuniko ya juu tulifungua tukaacha, tukasimama mbali, hewa itoke. Selemani akataka kuingiza kichwa aangalie, nikamuvuta kwa shati. Choo ya muzee wetu mutu alishuka kutafuta saa yake, hewa ikamuua, akabakia huko. Hakuna kuingiza kichwa. Ndoo inashuka kwa kamba, inapanda polepole, haijai mpaka juu.

Kubeba ni kwa bido zenye vifuniko, batu babili kwa mti mumoja, na njia ni moja tu, batoto banafukuzwa. Ikidondoka kwa njia, unatupa majivu palepale. Majivu tulikuwa nayo mingi, ya kukausha samaki, na shokaa tulipata kwa nyumba moja yenye haikumalizwa. Kila ndoo kwa shimo, majivu juu.

Kisha kuosha tanki. Na hapa njo wengi munadanganya. Maji ya kuosha nayo ni mavi. Nayo ilienda kwa shimo, haikurudi ziwani. Shimo likafukiwa, miiba juu. Ndoo na bido zile hazikurudi kwa jikoni ya mutu. Tukaosha mikono na sabuni na majivu mpaka ngozi ikauma.

Bato ikawa mwepesi kuliko vile Selemani alitaka.

Nikamushika Riziki mukono twende kupanda. Papa Wilondja akasimama kwa mbao.

"Binti apande. We unanuka, utabakia na choo yako."

Nilikuwa nimeoga, nimebadilisha kitenge. Haikuwa harufu. Ni juu ya vile nilikalia mbao yake mbele ya batu na yeye akashindwa.

Ningeweza kukaa tena. Bamama balikuwa tayari. Lakini Riziki alikuwa anapumua vibaya, na mi najua kuhesabu kati ya kichwa changu ngumu na mutoto wangu. Nikatia mukono wake kwa mukono ya mama mumoja ya Kilembwe, hata jina yake sikuijua. Nikasema, "Huyu ni wako mpaka ng'ambo." Yule mama akaitika na kichwa. Nikatoka kwa mbao.

Ile wiki pwani ikaanza kuhara. Si bote, wale walichota mbele ya kelele yangu, na wale walirudi kuchota pembeni. Mama Sango alimuzika kitinda mimba wake. Nilienda nikakaa naye chini.

Riziki alizaa Kigoma. Yeye muzima, mutoto muzima. Mi nilipata kuvuka wakati ule mutoto anakimbia na anaongea sana. Akajificha nyuma ya kitenge ya mama yake, akauliza, "Huyu bibi ni nani?"

Vita ilitunyanganya mengi, siihesabu hapa. Lakini lile swali silisamehe, kwa sababu halikutoka kwa bunduki. Lilitoka kwa mwanaume mwenye hakutaka kuambiwa na mwanamuke fasi ya kumwanga mavi.

Funzo yangu ni fupi: tanki ya choo inamwangwa kwa shimo ao kwa fasi imetengenezwa kwa ile kazi, na vane inabakia imefungwa karibu na batu. Leo bato zenye choo ziko mingi kati ya Baraka, Kalemie na Kigoma. Benye bato muko humu, najua munasoma. Kila mumoja aandike hapo chini tanki yake inamwangwa wapi, na nani anachota maji karibu. Bamama nao baandike, sababu bo wenyewe njo banajua kweli.