Mtani wa Mama

Mwezi uliopita nilirudi Tabora kumzika mama. Basi lilipopita mbele ya kile kiwanda cha nyuzi nikachungulia dirishani kama mtoto. Ukuta bado upo, nyasi zimefika kiunoni. Moyo uliniuma, rafiki yangu, nisikufiche.

Mama alifanya kazi humo, akirudi jioni nywele nyeupe kwa vumbi la pamba. Tuliishi kota za wafanyakazi, ukuta mmoja na Muha, ua mmoja na Mzaramo. Kijijini kwa bibi, upande wa Nzega, hakuna aliyewahi kuniita Mnyamwezi, maana wote tulikuwa Wanyamwezi. Kabila langu nilifundishwa kota, na mwalimu wangu alikuwa huyo jirani Mzaramo, aliyesimama mashine moja na mama. "Nyie wapagazi!" ndiyo salamu yake ya asubuhi, huku akijichotea michembe yetu ya viazi vilivyokaushwa bila kuomba. "Mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, mkafika hoi, sisi tukawapa maji!"

"Maji yenyewe ya chumvi!" mama humjibu. Wakacheka hivyo mpaka king'ora kiwaite.

Bibi alifia kwetu kota. Siku mbili mama hakutia kitu mdomoni. Jeneza lilipotaka kutoka, jirani, kwa haki yake ya mtani msibani, akajifunga khanga ya marehemu, akashika mkongojo wake, akapinda mgongo hasa kama bibi, kisha akajilaza mlangoni: "Hatoki mtu hapa mpaka nipewe michembe yangu!" Mama alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba uji.

Jioni ile alimwambia, "Shoga, na siku yangu usikose."

"Nikose? Nitakuja nihakikishe umekufa kweli!"

Kiwanda kikafungwa. Mashine ziling'olewa, watu wakatawanyika, wengine machimboni Nzega, jirani akarudi kwao pwani. Barua zake zilikuja, kisha zikaacha kuja.

Msiba wa mama tuliufanyia mtaa wa Isevya, hapohapo Tabora, na ulipangika vizuri: turubai, viti vya kukodi, pilau ya kutosha. Majirani ni watu wema, wala hakuna aliyetaka kujua kabila letu. Pengine ndivyo inavyotakiwa. Wanangu wenyewe ukiwauliza watakwambia wao ni watu wa Dar, basi.

Ila jeneza lilipoinuliwa, macho yangu yalikwenda mlangoni. Nilingoja mtu ajilaze pale, anitukane, anichekeshe. Wabebaji wakapita moja kwa moja, hakuna aliyewazuia.