Mama Sponji na Kiti Kilichotoka Mifugo

Baraza la mawaziri likipanguliwa, watu wengine husikia redioni. Mama Sponji huambiwa na ngazi. Akisikia viatu vya wapagazi vinagonga ngazi za nyuma za jengo la serikali ya jimbo, na mtu anaguna kwa uzito, hutua sindano na kumwambia mkamwana wake, "Fungua mlango wote, mwanangu. Huko juu wameanguka."

Na kweli, viti huanza kuingia, vimebebwa miguu juu kama kuku wanaopelekwa sokoni.

Mama Sponji ni fundi wa viti. Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya jengo hilo, kinanuka gundi, na sponji zimerundikwa mpaka darini. Alikirithi kwa baba yake pamoja na nyundo ambayo mpini wake umechimbika palipokaa kidole gumba cha marehemu. Aliingia humo binti mdogo, ametoka tu kumaliza shule ya msingi, na mpaka leo anapofanya kazi hubana misumari midogo kati ya midomo. Wenye maneno husema ndiyo maana hajui umbeya: akifungua mdomo atameza msumari.

Sasa, katika jengo lile kuna desturi ambayo hukuti imeandikwa popote. Waziri mpya hakalii kiti cha aliyetimuliwa. Mkosi, wanasema, huambukiza kama upele. Kila mmoja anataka kipya. Na serikali yenyewe mkono wa birika, kwa hiyo huvishusha vile vile vya zamani kwa Mama Sponji, naye huvivua nguo na kuvivisha nyingine. Waziri huketi palepale alipoporomokea mwenzake, akajitikisa na kusema, "Mnaona? Kipya kinyemi!" Mama Sponji akiyasikia hayo hucheka mpaka misumari inamtoka.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mawaziri humjia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wakati wenzao wako kwenye chakula cha mchana. Mwanamume akipata cheo hurudi utotoni. Huyu ana kokoto kutoka kizingiti cha mama yake, yule ana kitambaa cha harusi. "Mama, nishonee humu ndani ya kiti. Nidumu." Mama Sponji hacheki wala haulizi. Anashona. Anajua fika kuwa kokoto haijamzuia mtu kuanguka, lakini siri ya mtu ni siri ya mtu.

Basi kulikuwa na waziri wa mifugo waliyembandika jina la Kikohozi, maana akitaka kusema uongo hutanguliza kikohozi. Siku moja aliingia na picha ya Waziri Kiongozi, mkubwa wao wote, ameikata kwenye kalenda.

"Ishone humu, Mama. Uso uangalie juu."

"Juu, mheshimiwa?"

"Juu. Nataka nimkalie kichwani kila siku, mpaka anipe wizara ya maana."

Mama Sponji alishona. Na baraza lilipopanguliwa, Kikohozi akapewa wizara ya ujenzi! Kwa furaha akapanda ghorofa bila kugeuka nyuma, na kiti chake akakisahau kama mtu anavyosahau mwavuli mvua ikikatika.

Cheo kilimpanda kichwani. Hata wiki haijaisha, akashuka karakana, safari hii kwa mlango wa mbele.

"Mama, jiandae. Hapa patabomolewa, tunataka maegesho ya magari. Viti sasa tutaagiza ng'ambo."

"Na mimi, mheshimiwa?"

Akakohoa. "Serikali itakufikiria."

Alipotoka, mkamwana alikaa chini kwenye rundo la magunia. "Mama, sisi tutakula wapi? Na nyundo ya babu utaigongea wapi, kifuani?"

"Nyamaza kwanza, nami nilie kidogo," Mama Sponji akasema, na akalia kweli, amegeukia ukuta, maana ni mtu mwenye kiburi chake. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga. "Kile kiti kilichotoka Mifugo kiko wapi?"

"Si kile kinavishwa ngozi? Waziri Kiongozi alikikalia huko Mifugo kikaufaa mgongo wake, akasema kipelekwe kwake."

Mama Sponji akatazama kiti. Kisha akamtazama mkamwana. "Kitoe uani."

Siku ya kukagua uwanja, Waziri Kiongozi alikuja mwenyewe, Kikohozi ubavuni anaonyesha kwa fimbo pa kubomoa. Katikati ya ua walikuta kiti kimepinduliwa miguu juu, na Mama Sponji amepiga magoti, mkasi mkononi.

"Hicho si kiti changu?" Waziri Kiongozi akauliza.

"Ndicho, mheshimiwa. Kimetoka Mifugo. Maadamu karakana inabomolewa, nafumua viti vyote, kila mtu nimrudishie chake. Naanza na hiki."

"Chake kipi? Kuna nini tumboni mwa kiti?"

"Hilo mimi sisemi. Kinywa changu nimekishona. Mwenyewe akipenda atasema."

Mkasi ukakata uzi wa kwanza, kwach. Kikohozi akapata kikohozi ambacho hakijawahi kusikika, mpaka dereva akaja na maji. Mkasi ukakata uzi wa pili.

"Mama, ngoja!" akasema, machozi yanamtoka. "Mheshimiwa, nimewaza upya. Karakana hii ni, ni urithi wa jimbo! Magari yaegeshwe kule kwenye nyasi."

"Si jana ulisema ni kibanda cha panya?"

"Jana nilikuwa sijaitazama vizuri."

Waziri Kiongozi akamwangalia, akaangalia kiti, akaona jua kali. "Haya. Mama, nishonee kiti changu. Mgongo unaniuma."

Akashona palepale, mshono wa kudumu, na wapagazi wakakipandisha.

Tangu hapo Kikohozi hana raha kikaoni. Mkubwa akijigeuza kidogo tu kitini, yeye anakohoa. Mwishowe akashuka tena, mlango wa nyuma, wakati wa chakula cha mchana.

"Mama yangu, kile kiti hakiwezi kurudi kutengenezwa? Mara moja tu?"

Mama Sponji akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, bila haraka.

"Kitarudi, mwanangu, siku mwenyewe akianguka. Na wewe ulimtaka akaliwe kichwani. Si anakaliwa? Tena na mtu mzito kuliko wewe."