Siku za Kutembea, Siku za Kula

Daktari wa zahanati aliniambia nipunguze uzito kwa sauti ya mtu anayekuambia ufunge mlango. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, magoti yalinilia kila nilipoinuka kutoka kwenye mkeka wa swala, na mwili wangu wa miaka arobaini na mitatu ulikuwa umeanza kunichosha. "Tembea," alisema. "Na upunguze kula." Kisha akamwita mgonjwa mwingine. Sikupata nafasi ya kumuuliza jambo lililonisumbua karibu mwaka mzima uliofuata: siku ambayo nimetembea, nile kama siku nyingine, au niongeze?

Ni swali dogo kwa mtu ambaye hajawahi kulihitaji. Mimi lilinigombanisha na mume, mama, jirani na simu yangu mwenyewe.

Nilianza na jirani. Ni mwanamke wa Wajir anayeuza vitambaa sokoni, mnene kunishinda na mchangamfu kunishinda. Tulitoka mara tatu kwa wiki baada ya swala ya alfajiri, tumevaa jilbab na raba, tukashika barabara ya darajani kabla jua halijawa kali. Garissa haijazoea kuona wanawake wawili wa makamo wakitembea haraka bila shida yoyote. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini walituuliza kama kuna mgonjwa. Siku moja gari lilisimama, na dereva, mzee mwenye ndevu za hina, akasisitiza atubebe.

"Mnaenda wabi?" aliuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali, labda kwa kudhani sisi ni wageni.

"Hatuendi popote, adeer," nilimjibu, nikimwita ami kwa heshima. " Tunatembea tu."

Alitutazama kwa huruma, akatuombea dua, akaondoka.

Jirani alikuwa na jibu la swali langu tangu siku ya kwanza. "Abaayo, dada yangu, gari likienda safari linaongezwa mafuta. Umetembea mpaka darajani na kurudi, halafu ukae na njaa? Utaanguka." Kwa hiyo kila baada ya matembezi tuliingia kwenye mkahawa karibu na soko, nyuma ya pazia la upande wa wanawake, tukaletewa maini na anjera, ile mikate laini ya maji, tatu tatu, na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Mpwa wangu alikuwa ameniwekea kwenye simu kitu cha kuhesabu hatua. Kilinipongeza kila asubuhi, kikaniambia nimechoma nguvu nyingi kupita kiasi. Nilikiamini. Nilimwonyesha hata yule anayetuhudumia, nikaagiza anjera ya nne.

Baada ya wiki sita nilipanda mizani ya duka la dawa. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

"Mizani yako ni mbovu," nilimwambia muuzaji.

"Iko sawa, mama. Ukitaka, shuka upande tena."

Nilishuka nikapanda tena. Kilo mbili zilikuwa palepale. Jirani, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akila njugu, alinipigapiga bega. "Hiyo ni misuli," alisema.

Misuli! Ya kubeba nini? Wiki sita nilikuwa nimeamka na usingizi wangu, nimekanyaga vumbi, nimepita chini ya miti ya mathenge ambayo miiba yake huchoma hadi kupitia soli ya raba, nimeombewa dua na madereva, yote hayo ili ninenepe. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikaamua kufanya kinyume. Kuanzia siku hiyo ningekula kidogo kila siku, na siku ya kutembea ningekula kidogo zaidi, kwa sababu sikuona faida ya kutoa jasho halafu kulirudisha kwa kijiko. Asubuhi chai ya rangi na nusu anjera. Mchana vijiko vichache vya maharage. Siku ya kutembea, hata ile nusu anjera niliiacha.

Mume wangu anafanya kazi katika ofisi ya mifugo ya kaunti na ni mtu mpole. Alivumilia kwa wiki tatu. Wiki ya nne aliweka kijiko chini. "Tangu uanze kujinyima," alisema, "humu ndani hakuna anayethubutu kukohoa." Alikuwa na haki. Niliwafokea watoto kwa sababu ya viatu, kwa sababu ya milango, kwa sababu ya kucheka. Shuleni, ninakofundisha Kiswahili, nilisahihisha insha kwa kalamu nyekundu mpaka daftari zikaonekana zimechinjwa. Na jioni za siku za kutembea, watoto wakishakula, nilijikuta jikoni nikikomba sufuria ya wali, nikijiambia kwamba kinachoandaliwa kwa ajili ya wengine na kuliwa kwa kusimama hakihesabiki.

Kisha Jumanne moja, miezi kadhaa baadaye, nilirefusha matembezi hadi ng'ambo ya daraja, nikaenda moja kwa moja kazini bila kutia kitu mdomoni. Ilikuwa kidato cha pili, kipindi cha nne, ngeli ya KI-VI. Nilikuwa ubaoni nikiandika "kiti kimeanguka". Neno la mwisho sikulimaliza. Ubao ulirudi nyuma, ukawa mdogo, na kitu cha mwisho nilichosikia ni sauti ya msichana wa mstari wa mbele: "Ala! Madam amezima!"

Nilizinduka sakafuni, mwalimu mkuu akinipepea kwa rejista ya mahudhurio, mtu mwingine akininywesha chai ya walimu yenye sukari nyingi. Sikuona haya kwa sababu ya kuanguka mbele ya wanafunzi arobaini. Niliona haya kwa sababu wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba sijawahi kunywa chai tamu namna ile maishani mwangu.

Mume wangu hakunigombeza. Alifanya jambo baya zaidi: alimpigia simu mama yangu huko Balambala.

Hooyo alifika kesho yake, na mtungi wa maziwa ya ngamia, na kopo la nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa na kulazwa ndani ya samli. Hakuketi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaminya, kisha akamgeukia mume wangu.

"Mimi nilikupa mtu. Huyu ni nani?"

"Hooyo, ni daktari aliyesema apungue," mume wangu alijitetea.

"Daktari!" Alinitazama mimi sasa. "Nimeona watu wakikonda, binti yangu. Miaka ile ya ukame nimewaona wengi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anataka."

Ningeweza kubishana na jirani na simu. Na mwanamke aliyewahi kugawa kikombe kimoja cha maziwa kwa watoto wanne ningebishana vipi? Alikaa nasi wiki tatu. Siku ya kutembea alinimiminia maziwa kwa kuwa nimetembea. Siku ya kupumzika alinimiminia kwa kuwa sikutembea, maana yake mimi ni mgonjwa.

Katikati ya wiki hizo nikaenda hospitali kumwona afisa wa lishe. Nilimkuta kijana mwembamba, nikamchukia papo hapo. Nilimweleza yote, maini, simu, kuanguka, samli, halafu nikauliza swali langu polepole, kama ninavyolisoma swali la mtihani: siku ya mazoezi, niongeze chakula au nisiongeze?

"Inategemea, mwalimu."

Nilikaribia kulia. "Inategemea nini?"

"Umetembea kiasi gani. Umekula nini siku nzima. Mwili unahisije."

"Nimekuja hapa kwa sababu sijui mwili wangu unahisije."

Alicheka, lakini hakunicheka. Aliniuliza naweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Nilimwambia vinne.

"Kwa siku?"

"Kwa kikombe."

Alivuta karatasi. Kisha akachukua kalamu, akanieleza bila haraka. Matembezi yangu ya kawaida ya asubuhi hayahitaji mlo wa ziada, na simu huwa inatia chumvi. Sahani ya maini na anjera nne inazidi kwa mbali kile nilichotumia barabarani. Lakini kujinyima siku ya mazoezi ndiko kunakoniangusha, na ndiko kunakonipeleka kwenye sufuria jioni. Siku fupi nile kama kawaida, nisiruke mlo. Siku ndefu niongeze kitu kidogo chenye kushibisha, yai au kikombe cha maziwa yasiyo na sukari. Na dawa za shinikizo nilizopewa zahanati nisiziache.

Hiyo tu. Nilitoka nje kwenye jua la saa sita nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoingia. Karibu mwaka mzima, aibu ya darasani, mama kusafirishwa kutoka Balambala, na jibu lilikuwa yai!

Kumshawishi hooyo kulichukua siku mbili. Tulikubaliana kwamba atanimiminia kikombe kimoja, asubuhi ya Jumamosi ninapotembea mbali, na nyirinyiri itakuwa ya watoto. Kabla hajakubali alitaka kuiona hiyo kazi yenyewe. Jumamosi hiyo alitoka nasi, na kandambili zake, amenyoosha mgongo, akatupita mimi na jirani kabla hatujafika mzunguko wa barabara. Alitusubiri darajani, akitazama mto.

"Ndiyo hii?" aliuliza. "Nilidhani mnaenda mbali."

Uzito ulianza kushuka, polepole hadi nikakata tamaa mara kadhaa. Kufikia Ramadhani nilikuwa nimepungua kilo tano, na daktari alisema shinikizo limetulia kiasi. Sukari nimeishusha hadi kijiko kimoja na ninailaani kila asubuhi. Hooyo alirudi kwake. Hupiga simu kila Ijumaa na kuuliza kama nimekula, nikisema ndiyo, anauliza kama nimetembea, nikisema ndiyo, ananiambia basi nile tena.

Mwezi uliopita tulipita duka la dawa, na jirani akaamua kupanda mizani kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Hajawahi kuacha maini. Hajawahi kupunguza anjera. Alikuwa amepungua kilo nane.

"Umefanya nini?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Alifikiri. "Sijui. Niliacha tu zile soda za dukani. Nilikuwa nakunywa nne kwa siku."

Hakuwahi kunitajia soda. Alishuka, akaniomba nimshikie mkoba ili afunge kamba za raba, na tulipotoka akageuka kuelekea mkahawani, akiniuliza kama leo nitakula kitu au nitamtazama tu.

"Yai," nilimwambia. "Moja."