Mwaka Barabara Ilipokuwa na Adabu

Habari ilinifikia nikiwa na tonge mdomoni. Mama yangu aliweka simu mezani, akasema jirani yetu wa ploti ya pili, yule mjane mwenye gari la buluu, amefariki hospitalini baada ya kuugua mapafu. Mimi ndiye msema ovyo wa nyumba yetu na mzaha ulikuwa tayari njiani: nilitaka kusema kwamba sasa hilo gari litalala usingizi mzito zaidi. Tonge likanizuia, nalishukuru. Nyinyi mnaofungua ukurasa huu wa nyuma wa jarida la shule kabla hata ya kusoma salamu za mwalimu mkuu mnanijua kwa kucheka watu. Huyu nilimcheka sana, naye akanicheka zaidi. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakupenda makelele, yawe ya honi au ya midomo.

Turudi wakati wa korona, shule zimefungwa na mjini kwenyewe hatoki mtu wala haingii mtu. Kilami, yaani kibarabara cha lami cha mtaa wetu, hapa nyuma ya mtaa wa Huruma, siku zote ni njia ya mkato ya matatu zinazokwepa foleni. Kuvuka kwenda kununua mkate ni sawa na kuomba viza. Halafu ghafla, kimya. Paka wakalala katikati ya lami. Sisi tuliokuwa darasa la sita tukaifanya barabara uwanja, mawe mawili huku, mawe mawili kule. Vijana waliokodi baiskeli wakazunguka pembeni. Wafanyakazi wa viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, nauli ilipopanda, wakawa wanapita kwa miguu asubuhi na jioni, barakoa kidevuni, wametanua barabara nzima kama wenyewe. Na hakuna aliyetunga sheria yoyote. Wa kwanza kuona gari hupaza sauti, "Gari!" Mpira unashikwa, mawe yanasogezwa, dereva anapita polepole na kuinua mkono. Mwenye baiskeli akimfikia mzee kwa nyuma, anatoa shikamoo badala ya kupiga kengele. Sijui adabu hiyo ilitoka wapi. Labda sote tulikuwa tunaogopa kufa, na hofu ile ilitufanya tutazamane.

Hapo ndipo yule mjane alipoingia uwanjani. Mumewe alikuwa amemwachia gari, la gia za mkono. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, ila miaka yote alikuwa amekalia kiti cha abiria. Sasa alikuwa na sababu moja tu ya kushika usukani: dada yake mkubwa, anayeishi Baba Dogo, miguu ilikuwa imemkataa na hakuwa akitoka nyumbani. Mama huyu alitaka kwenda kumchukua mwenyewe, amtoe nje aone watu na apigwe na upepo, bila kumbembeleza mwenye teksi aliyembeba kama gunia la viazi. Siku ya kwanza gari liliruka kama chura, likazima katikati ya mechi, tena sisi tunaongoza. "Shosh," nikamuuliza, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, "hiyo ni gari ama ni mbuzi?" Akashusha kioo. "Ni mbuzi. Kuja basi uisukume, we mchungaji." Tukasukuma. Kesho yake akarudi, na akaomba tumwachie goli ajifunze kuegesha kwa rivasi. Tukayasogeza mawe yakaachana. Alipoingia katikati bila kuyagusa tulipiga kelele za bao mpaka soja anayelinda geti akatoka na rungu akidhani kuna mwizi. Alipogonga jiwe tulimpa kadi nyekundu, naye alishuka garini kwa heshima, akakaa kando ya mtaro kama mchezaji aliyefukuzwa. Mtu mzima! Vijana wa baiskeli ndio waliomfunza kutumia kioo cha pembeni. Walikuwa wakimjia kwa nyuma pole pole, wanaita, "Shosh, niko wapi sasa?" Naye anajibu, "Kushoto, kama kawaida ya wezi!" Na wale wa viwandani alikuwa akiwasimamishia gari kabisa. "Pita baba, mimi sina haraka, na hii gari pia haina."

Mnaona tatizo lilipoanzia? Sisi hatukuliona. Mama wa watu hakujifunza gari peke yake, alijifunza pia barabara, na barabara aliyojifunza ilikuwa ya mwaka mmoja. Alidhani kuendesha ndiko huko: unasimama, unatazama, unampungia mwenzako, na wewe unapungiwa. Kisha shule zikafunguliwa, kafyu ya usiku ikaondolewa, matatu zikairudia njia yao ya mkato, na bodaboda zikazaana mpaka pembeni mwa mtaro. Jumamosi moja Shosh akanipitia. Alikuwa anakwenda Baba Dogo hatimaye, na alihitaji mtu wa kusaidia kumshusha dada yake ngazi. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, na kiti cha nyuma kilikuwa na mto wa kuegemea.

Tulifika makutano ya barabara kubwa. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akangoja mtu ampungie. Nani ampungie? Magari yalipita pua kwa mkia kama yamefungwa kamba. Nyuma yetu honi zikaanza, na makanga mmoja, mpiga debe wa matatu, akaja kupiga bodi ya gari letu kwa kofi. "Mathe, umelala? Ingiza pua!" Hata mimi, mwanafunzi wa adabu ile ile, nikamwambia, "Shosh, ingiza pua tu, watasimama." Akaniuliza, "Na hao je?" Kumbe yeye alikuwa anawaangalia wengine waliokwama kama sisi: muuza mkate mwenye baiskeli iliyojaa kreti, na mama aliyemshika mtoto mkono. Akawapungia wavuke mbele yetu. Mama na mtoto wakaanza kuvuka. Bodaboda moja ikachomoka kutoka nyuma, ikapita kati ya mtoto na gari letu, ikaking'oa kioo cha pembeni. Mtoto akavutwa nyuma kwa mkono mmoja, akilia. Yule wa pikipiki aligeuza shingo atutukane, na tusi lilikuwa limeshatoka alipoona anayemtukana ni nani. Nilimtambua. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa baiskeli. Shosh pia alimtambua. Kijana akainamisha kichwa, akaongeza moto, akaenda.

"Shosh, uko sawa?" nikauliza. Alikuwa akiangalia pale kioo kilipong'oka. "Huyo," akasema, "si ni yule alikuwa ananionyesha kutumia hicho kioo?" Akawasha taa za hatari, akaomba radhi kwa mkono kwa waliokuwa nyuma, akatafuta nafasi ya kugeuza, tukarudi nyumbani.

Hakuendesha tena. Gari lilifunikwa turubai. Jumamosi baada ya Jumamosi alikwenda Baba Dogo kwa miguu, kikapu mkononi, akitafuta pa kukanyaga kati ya lami, vibanda na pikipiki zilizopanda sehemu ya waendao kwa miguu. Nilimpita njiani mara kadhaa nikiwa nimebebwa na boda, mshikaki wa watu watatu. Nilimpigia mluzi. Aliinua mkono, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Wiki iliyopita tulimsindikiza. Gari la maiti lilikuwa lipitie kwanza Baba Dogo kumbeba dada yake kabla ya safari ya kwenda kuzika magharibi mwa nchi. Nilikuwa kwenye basi la nyuma, na tulipokaribia yale makutano nilifunga macho kwa mazoea. Nilipoyafungua, barabara ilikuwa imesimama. Matatu zimesimama. Bodaboda zimejipanga kando, injini zimezimwa. Makanga mmoja alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani, na mwenye mkokoteni aliinua mkono kutuashiria tupite. Hakuna aliyepiga honi. Dereva wetu hakugusa hata breki. Baba Dogo tulimkuta dada mtu kwenye kiti cha plastiki nje ya ploti yao, amevaa tangu asubuhi, watu wawili wamemshika mabega. Aliliangalia gari la maiti kwa muda mrefu. "Aliniambia atakuja na gari," akasema. "Si mnaona amekuja." Mimi, bingwa wa vichekesho, nililia mpaka mama yangu akanipa leso yake.

Kwa hivyo asinidanganye mtu kwamba watu wa huku hatujui kupishana. Tunajua vizuri sana. Tulijua wakati wa ugonjwa, na tunajua jeneza likipita. Hao walio katikati, wazima, wenye haraka zao ndogo na dada zao wagonjwa, ndio tunaowapigia honi. Kesho kutakuwa na mtu amekwama pale makutano, labda na gari, labda na baiskeli, labda na mtoto mkononi. Mpishe angali anaweza kukushukuru.