Fatiha Nje ya Ofisi ya Ndoa

Nyumba hii ya Tanga nimeijenga mwenyewe kwa jasho la London, na diploma yangu ya ujenzi imetundikwa sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima aione. Nilianza kwa kubeba maboksi ghalani Hayes, nikasoma chuo cha jioni, nikaishia kuwasimamia mafundi waliozaliwa hukohuko. Nilichokitaka London nilikipata, kwa maneno mazuri, kwa ubishi, au kwa kurudi tena kesho yake. Mara moja tu nilikwama kabisa, katika harusi ya mama mwenye nyumba wangu.

Nilimwita Mama tu. Alikuwa Mhindi Muislamu wa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda wakafika Uingereza na sanduku na koti la kuazima. Wembley alianza na chumba, baadaye akanunua nyumba. Aliishi humo na mwanamke mwenzake, Mhindi Mkristo wa Nairobi, nesi mstaafu ambaye sote tulimwita Sista. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, kwa hiyo waligombana na kutaniana kwa Kiswahili. Kiingereza waliwaachia wauza bima. Mimi mpangaji wa juu nilikaa miaka kabla ya kukubali moyoni kwamba wale hawakuwa marafiki tu. Sikuuliza. Nilikula wali wao, nikawatengenezea paa lao.

Basi serikali ikapitisha sheria ya kuruhusu wanawake wawili kuoana, na haukupita muda madaktari wakamwambia Mama kwamba moyo wake umechoka, hautafika mbali. Alitaka kufunga ndoa kabla hajafa, na alitaka Fatiha isomwe kwanza. Baba yake hakuwahi kufungua duka, kusafiri wala kuoza binti bila Fatiha. Hata siku ya kufukuzwa aliwasimamisha mlangoni, mizigo mikononi, wakaisoma ndipo wakatoka.

"Isiposomwa," aliniambia, "nitakuwa kama nimetia sahihi ya kuunganishiwa umeme. Bwana Diploma, wewe si hodari wa maneno? Nitafutie mtu wa kunisomea."

"Niachie mimi, Mama."

"Usimwachie huyu!" Sista akadakia kutoka jikoni. "Bomba nalo alisema niachieni mimi, tukakoga kwa kopo wiki nzima."

"Bomba lenyewe lilikuwa bovu tangu vita, Sista."

Nikaenda msikitini baada ya Alasiri. Sheikh alikuwa Mpemba, mtu mpole. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mgonjwa nitamwombea sasa hivi," akasema. "Akifa nitamzika, sitauliza kitu. Lakini ndoa hiyo sisi hatuna. Sheria ni ya serikali, mwanangu, haikupita kwangu."

"Si nikahi, sheikh. Fatiha tu."

"Nikiisoma mbele ya meza ya msajili, watu watasema nimewaoza."

Nikaamua kuisoma mwenyewe. Nilikwenda kumwona msajili wa ndoa, mwanamke wa makamo, nikamweleza kwamba ni maneno mafupi kuliko tangazo la treni. Akatikisa kichwa. Ndoa ya serikali haichanganywi na dini, akasema. Chumbani mwake hamuingii Biblia, Kurani wala wimbo wa kanisani, kwa mtu yeyote yule. Mimi natoka nchi ambayo hata mkutano wa kata hufunguliwa na sheikh na padri, mmoja baada ya mwingine, na mwenyekiti akiitika Amina. Sikuamini kwamba ofisi inaweza kuizuia dua. Nilijua siku yenyewe, akimwona mgonjwa, atalegea. Nikamwambia Mama itasomwa.

Siku ikafika. Mama alivaa hariri ya kijani, yumo kwenye kiti cha magurudumu, mpira wa oksijeni puani. Msajili alipotukaribisha tu, Mama akakunjua viganja.

"Soma, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Msajili akaweka kalamu chini. "Tafadhali. Nikisikia sala, ndoa haifungwi leo."

"Kwa hiyo Mungu asubiri nje kama teksi?" Mama akasema kwa Kiswahili, akafumba mdomo. Alipoulizwa kama yuko tayari, hakujibu. Akaulizwa tena.

Sista akapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi we, nakuomba. Wewe ukizidiwa, wataitwa watoto wa kaka yako, na mimi nitatolewa kitandani kwako kama mtumishi. Yaseme hayo ya serikali."

"Wewe utakuwa na karatasi. Na mimi huko ninakokwenda nitakuwa na nini?"

Nilimsihi yule msajili kwa kila nilichokuwa nacho. Nilimwambia huyu mtu anakufa. Macho yalimjaa machozi, lakini akasema, "Sheria hainiachii hata neno moja." Nje, watu wa harusi inayofuata walikuwa wakicheka na kugonga mlango.

Mama alimtazama Sista pale chini, magoti mabovu yale, mwishowe akayasema maneno ya serikali, kipande kwa kipande, akivuta hewa katikati. Akatia sahihi.

"Sasa," akaniambia.

Nikamsukuma hadi kwenye korido, karibu na lifti. Alianza mwenyewe, pumzi ikamkatikia njiani. Nikaimalizia mimi, kwa sauti, huku wale wageni wakitupita na maua yao. Sista akasema Amina.

"Imehesabiwa?" Mama akauliza.

"Imehesabiwa, Mama."

"Umeisoma baada ya sahihi. Baba aliisoma kabla."

Nikabonyeza kitufe cha lifti. Ndani ya teksi aliuliza tena, na Sista akamwambia imehesabiwa, akamwambia tena na tena, hadi sauti ikamkauka. Jioni tulimkimbiza hospitali. Daktari aliuliza nani wa mgonjwa, Sista akasema, "Mimi, mke wake," na hakuna aliyemtoa.

Mama alinishika mkono wa shati. "Turudi pale," akasema. "Tuanze upya. Usome kwanza."

Nilijua kwamba ofisi haimwozi mtu mara mbili kwa yuleyule.

"Kesho, Mama," nikasema.

"Kesho mapema," akasema, "kabla watu hawajajaa."