Jua Lililobaki Nje ya Kioo

Nilipoolewa kijiji cha Kimuli, miaka ya hamsini ikianza, niliingia kwa wakwe zangu na masanduku mawili na tundu la kasuku. Masanduku hayakumshangaza mtu. Kuhusu kasuku waliulizana kwa macho, maana hakuna mwali aliyewahi kuja na ndege. Baba yangu, mfanyabiashara wa Bukoba, alinipa kasuku huyo wa kijivu nikiwa bado nasoma, na siku ya kuondoka nyumbani nilisema wazi kwamba asipokwenda yeye, na mimi siendi. Baba alicheka, lakini alijua sitanii.

Desturi ya huko wakati ule ilikuwa bibi harusi kukaa ndani miezi kadhaa baada ya kutoka kanisani. Hupiki, hulimi, huchoti maji, hukanyagi uani mchana. Kazi yako ni kula na kulala, ili siku ya kutolewa nje wageni wakuone umenawiri na ngozi imekuwa nyororo, waseme nyumba hii inajua kutunza mke. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye sauti ndogo na jicho kali. Aliniletea maziwa asubuhi, ndizi na maharage mchana, ndizi na nyama jioni, akasimama mlangoni mpaka nimalize.

"Kula, mgole," alikuwa akiniambia, na mgole kwa Kinyambo ndiye bibi harusi. "Kula, usiniaibishe."

Naikumbuka miezi ile kama usingizi wa mchana. Sakafu ilitandikwa nyasi mbichi, na harufu yake ilinilaza hata nilipokuwa sina usingizi. Nilisikia mvua ikija juu ya migomba ya mbali, ikafika kwetu, nikalala. Nikiamka sikujua kama ni siku ile ile au nyingine. Sauti za watu wakianika kahawa uani zilinifikia kama zinatoka kijiji kingine, ingawa walikuwa hatua kumi tu. Nilimsimulia kasuku ndoto zangu, naye akanijibu kwa miluzi, na baadaye sikuwa na hakika kama niliziota kweli au nilizisimulia tu.

Chumba kilikuwa na dirisha moja la kioo, lililotazama migomba, na kioo hicho kilikuwa cha kwanza kijijini. Mume wangu alikuwa karani wa kahawa, akikaa mjini Kayanga wiki nzima na kurudi Jumamosi kwa lori. Ndiye aliyekileta kutoka Bukoba kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, fundi akakipigilia misumari pande zote. Nilitundika tundu mbele yake. Kila asubuhi jua lilipita, likatua juu ya manyoya ya kasuku, nami nikaridhika kwamba ndege wangu anaota jua.

Mwezi wa pili hivi wa kukaa ndani, kasuku akaanza kuchoka. Alikuwa akishika kijiti, miguu ikitetemeka, mwishowe anaanguka. Kisha asubuhi moja nikakuta ametaga, na mimi sikujua hata kwamba ni jike. Yai lenyewe halikuwa na ganda. Lilikuwa na ngozi laini tu, likabonyea kidoleni. Mama mkwe alilitazama kwa muda mrefu, halafu akanitazama tumbo.

"Hiki si kitu cha kukaa chumbani mwa mgole," alisema. "Likitoka jingine kama hili, nitampeleka huyu ndege porini mwenyewe."

"Mama, huyu ni ndege. Mimi si ndege."

"Nimeshasema, mwanangu."

Alipotoka nilicheka. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nikajiona nimeyapita mambo hayo. Lakini kasuku asiyeweza kusimama kijitini angeliwa porini siku hiyo hiyo, na hilo halikunichekesha.

Wiki ile alikuja dresa, yule msaidizi wa mganga aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, kumfunga mama mkwe kidonda cha mguu. Nikamwomba kutoka ndani amtazame ndege wangu. Aliingia akiwa ameugeuzia uso ukuta, maana mwali hatazamwi, akampapasa kasuku miguu.

"Mifupa imelegea," alisema. "Watoto wa matege huwa hivi. Huyu hapati jua."

"Anakaa juani kila asubuhi."

"Hilo ni jua la kwenye kioo. Mwanga unapita, lakini ile nguvu inayokaza mifupa inabaki nje. Apate jua lenyewe likishapanda kidogo, na nusu ya tundu iwe kivulini ili akizidiwa ajifiche. Tena msagie maganda ya mayai ya kuku kwenye chakula."

Mama mkwe alikataa katakata tundu litolewe uani. Majirani wangeuliza ndege anaumwa nini, na habari za yai zingefika kanisani kabla ya Jumapili. Ikabaki njia moja. Jumamosi nilimwambia mume wangu kioo king'olewe.

"Kioo hiki?" alisema. "Watu wanatoka Kibingo kuja kukiona."

"Waje wakione uvunguni."

Akasema tutaongea. Nilijua maana ya tutaongea.

Jumapili sikula. Jumatatu nikanywa maji tu. Mwali asiyekula ni msiba wa nyumba nzima, na siku yangu ya kutoka ilikuwa imeshatangazwa. Mama mkwe alileta ndizi zilizotiwa samli, akaleta samaki, nikageukia ukutani. Njaa ilinipeleka mahali pa ajabu, nikawa naota nikiwa macho kwamba nyasi za sakafuni zinanong'ona. Jumanne jioni aliketi kitandani kwangu.

"Unataka watu waseme nakunyima chakula?"

"Nataka kioo kitoke, mama."

"Kwa ajili ya ndege?"

"Kwa ajili ya ndege."

Alitoka, akarudi na panga, akang'oa misumari mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe. Upepo ukaingia na harufu ya maua ya mibuni. Nilikula sahani mbili mbele yake. Mume wangu aliporudi Jumamosi alisimama mbele ya dirisha tupu akapapasa matundu ya misumari, mama yake akamwambia aende akaoge.

Kuanzia hapo jua liliingia lenyewe. Kasuku alifungua bawa moja, kisha la pili, akafumba macho, nami nikaketi karibu yake na mikono yangu juani, nusu nimelala, bila kujali kwamba mwali hatakiwi kuwa mweusi. Wiki zilipita hivyo. Akaanza kushika kijiti, akaanza kuning'ata tena, nikafurahi kung'atwa.

Kisha likaja yai la pili. Niliona weupe wake chini ya tundu na mkono wangu ukakataa kwenda. Nikamwita mama mkwe. Aliliokota, akaligonga kwa ukucha, likalia ko, ko. Akaniwekea kiganjani.

"Bado wewe," alisema.

Ndipo nililia. Siku zangu za mwezi zilikuwa zimepita mara mbili bila damu na sikumwambia mtu, kwa sababu mimi niliyemcheka mama yule niliamini kila neno lake, na kila nilipolala niliota nimejifungua kitu kinachobonyea kidoleni. Alikivuta kichwa changu akakilaza begani mwake. Nikamwambia yeye kabla ya mume wangu.